Kikombe Juu ya Kisiki

Tangu mwezi wa tano Glenys Haddrill hakuwa akivua glavu. Alizivua wakati wa kula na wakati wa kuoga, basi. Aliandika ubaoni nazo, akasahihisha madaftari nazo, na wanafunzi wa shule yetu, ambao kwa kawaida hawana simile na mwalimu mwenye kituko, walitazama pembeni wakajitia hamnazo. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja, baridi ya mwaka imekwisha, na bado alikuwa nazo, zile zile za sufu ya kijivu, zimetoboka kwenye kidole gumba.

Hakuna aliyemuuliza. Huku kwetu, chini ya milima ya Tasmania, kusini kabisa mwa Australia, kumwacha mtu ndiyo heshima tunayoijua. Jirani akifiwa utamwokea paja la kondoo, utaliweka barazani kwake, utaondoka kimyakimya kabla mbwa hajabweka. Naye ataiosha sahani, ataileta mpaka kwenye geti lako, ataiegemeza pale na kurudi zake. Sahani zinaweza kuzunguka bonde zima namna hiyo, na kila mtu akaamini kwamba amemfariji mwenzake. Mimi naona ni ujinga, lakini na mimi nimezaliwa hapa, na sahani yangu ilifika kwa Glenys vivyo hivyo, bila hodi.

Alikuja shuleni akiwa bado msichana, mwalimu wa jiografia kutoka Burnie, pwani, na buti mpya zilizomchubua visigino siku ya kwanza ya kambi. Aliyekuwa anasimamia stoo ya makadeti, wanafunzi wanaofunzwa kijeshi, wakati huo ni Clem Haddrill. Clem alikuwa ametoka jeshini na goti bovu na maneno machache, na kazi yake ilikuwa kugawa mashanta, mahema na zile kofia pana zinazopinduliwa ukingo upande mmoja. Alimtazama Glenys miguuni.

"Hizo buti ni za wapi?"

"Za msituni," akasema Glenys.

"Basi huo msitu una zulia."

Akaingia ndani ya stoo, akamtolea jozi kuukuu iliyolainika, na mwaka uliofuata wakaoana. Watoto hawakujaliwa. Walikuwa na wa shule, makadeti na wasio makadeti, kila mwaka kundi jipya lenye pua za kamasi na mdomo mrefu. Clem alimwita mkewe Kamanda. Yeye alimwita Clem tu, ila mbele za watu alisema "mzee wangu", hata alipokuwa bado kijana.

Ni wao wawili waliouanzisha Ukimya. Siku hizi shule nyingine nazo zina mambo kama hayo, kupanda miamba na kuvuka mito, lakini wa kwetu ni wa kwetu. Kila mtoto wa kidato cha tatu anapelekwa msituni juu ya kijito, anaachwa peke yake siku mbili. Ana turubai, jiko dogo la gesi, chakula na filimbi. Kambi yake imejificha nyuma ya mimea, ila kando ya njia kuna kisiki chake, na juu ya kisiki kikombe cha bati kimesimama wima. Kwa wakati wake mwenyewe mtoto anakuja mpaka kwenye kisiki na kukigeuza kikombe mdomo chini. Maana yake: mimi mzima, niache. Mwalimu anapita asubuhi na jioni. Akikuta kimefunikwa, anakisimamisha tena na kwenda zake. Haiti, hachungulii. Akikuta bado kiko wima, hapo ndipo anaingia, na mwalimu akishaingia Ukimya wa mtoto huyo umevunjika.

Anayemaliza anapewa kamba ya kijani. Kadeti anaishona kwenye kofia, asiye kadeti anaifunga kwenye mkoba. Unaweza kucheka, lakini wapo wanaume wazima bondeni hapa, mmoja diwani, ambao bado wameifunga kamba yao kwenye funguo za gari.

Wazazi huuliza habari za nyoka. Nyoka hana shida, ukimwacha anakuacha. Shida ni kunguru wa mlimani, weusi wenye macho ya njano, ambao wamejifunza kufungua zipu ya shanta na kula mkate wa mtoto huku mwenyewe anawatazama.

Mambo ya kikombe yaliingia mpaka nyumbani kwa Glenys. Clem alikuwa na siku zake mbaya, alizotoka nazo jeshini. Siku hizo maneno yalimuumiza, hata maneno mazuri. Alipostaafu na kubaki nyumbani siku zikaongezeka. Basi wakakubaliana. Asubuhi Clem akinywa chai yake barazani, akimaliza anakifunika kikombe juu ya reli ya ukingo wa baraza: nipo, mzima, niache. Glenys akirudi kutoka shuleni anakisimamisha: nimeona. Jioni Clem akiwa tayari kwa watu anaingia mwenyewe jikoni na kuuliza kuna chakula gani. Waliishi hivyo miaka na hakuna aliyehesabu kwamba amepungukiwa. Mapenzi ya watu wa huku ndivyo yalivyo, usiyadharau.

Siku ile ya mwezi wa tano umande ulikuwa umeganda mpaka adhuhuri. Glenys alirudi mapema, masomo ya mchana yalikuwa yamefutwa. Kikombe kilikuwa kimefunikwa juu ya reli. Akakisimamisha, akaingia ndani, akapasha supu, akala, akakaa na madaftari yake. Aliona kutoka dirishani mlango wa banda la kuni uko wazi kidogo, akajua Clem yuko huko na siku yake mbaya. Hakwenda. Hakwenda kwa sababu alimheshimu. Giza lilipokaribia na hakuna aliyeingia kuuliza chakula, akatoka.

Clem alikuwa ameketi juu ya gogo, ameegemea ukuta, shoka miguuni. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, na kwamba hata mkewe angekuwa ameketi pembeni yake asingeweza kitu. Glenys akaitikia kwa kichwa. Daktari yule ni mtu mwema, lakini alikuwa anajibu swali ambalo hakuulizwa. Glenys alitaka kujua kitu kimoja tu: alipokishika kikombe, kilikuwa na joto? Kama kilikuwa na joto, Clem alikuwa ametoka barazani dakika hiyo hiyo, na mkewe alipita nyuma yake akaenda kupasha supu. Kama kilikuwa baridi, alikuwa amekwisha kwenda tangu asubuhi. Hakujua. Hangeweza kujua, kwa sababu alikishika na glavu.

Hakulia. Alingoja kilio kije, kama vile mtu anavyongoja basi, akiwa na uhakika kwamba kiko njiani, na hakikuja. Chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Watu walipoongea naye aliona midomo ikifunguka na alijibu inavyopasa. Mazishini makadeti walisimama mistari miwili kutoka mlango wa kanisa hadi kaburini, vichwa vimeinama, kofia zimepinduliwa. Kadeti haruhusiwi kutikisika. Hata mwenzake akizimia pembeni yake, ataachwa pale mpaka waliopangwa nyuma waje wamwondoe. Katika yote ya siku hiyo Glenys alibaki na kumbukumbu moja: msichana wa mwisho kwenye mstari, Briony Scarff, kamasi zilikuwa zinamtiririka kwa baridi mpaka kwenye mdomo wa juu, na hakupandisha mkono kuzifuta. Glenys alitazama kamasi zile mpaka jeneza likashuka. Alikuwa anafikiri kwamba yule mtoto na yeye wanafanya kazi moja.

Mwezi wa tisa kidato cha tatu kikaenda Ukimya, na Glenys akapewa njia ya upande wa juu, njia yake ya siku zote. Jioni ya kwanza alipita. Asubuhi iliyofuata alifika kwenye kisiki cha kwanza, kikombe kimefunikwa vizuri, akakisimamisha, akatembea hatua chache. Halafu akarudi akaingia ndani. Mvulana aliyekuwa huko alikuwa anapiga mswaki na akashtuka mpaka akameza dawa ya meno. Kisiki cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu, vivyo hivyo. Hakuwa na hofu, wala haraka. Miguu iligeuka tu.

Wa mwisho ndiye alikuwa Briony. Alimkuta chini ya turubai, anavutana na kunguru ambaye alikuwa ameshamtolea soksi moja kwenye shanta.

"Mwalimu? Kuna nini? Nani ameumia?"

"Hakuna. Nilitaka kuona."

"Lakini nimegeuza." Briony aliinuka, soksi mkononi. "Kikombe. Nimekigeuza, hukukiona?"

"Nimekiona."

"Sasa?"

"Kikombe kinasema ulikuwepo, Briony. Hakisemi kwamba upo."

Msichana alimtazama. Alikuwa na kaka watatu, wote wamepita shule yetu, wote ni wa kofia na kamba. Nyumbani kwao kamba zimetundikwa juu ya meko kwenye misumari, na baba yake alikuwa amekwisha kugongomea msumari wa nne.

"Kwa hiyo Ukimya wangu umeharibika," akasema. "Umeharibika, na mimi sijafanya kosa."

"Ndiyo."

"Sio haki, mwalimu."

"Ndiyo. Sio haki."

Glenys alisema hivyo kwa sauti ile ile ambayo angetaja mji mkuu wa nchi yoyote, na akaondoka. Alijua amemuumiza mtoto. Alijua kama unavyojua jambo ulilolisoma.

Mkuu wa shule, Bwana Pellow, alimwita ofisini baada ya kambi. Pellow si mtu mbaya. Ana tabia ya kupanga kalamu zake anapokuwa na neno zito, na siku hiyo alizipanga kwa urefu.

"Glenys, wazazi wamenipigia simu."

"Najua."

"Hawajakasirika. Wanakuhurumia, na hilo linanipa kazi zaidi."

"Unataka niache?"

"Nataka upite njia kama zamani. Mwezi wa kumi na moja wale waliovunjiwa watarudia. Veitch atatembea na wewe. Ukikuta kikombe kimefunikwa ukaingia, njia nampa Veitch, na ndiyo mwisho, hairudi tena. Na watoto wale hawatapata nafasi nyingine, mwaka utakuwa umekwisha." Akaihamisha kalamu moja. "Sina jinsi, dada yangu."

"Sawa," akasema Glenys.

Haikuwa sawa. Darasani alikuwa anasema maneno ya kitabu. Nyumbani kila kona ilikuwa na Clem, hata kikombe kilikuwa bado kimesimama juu ya reli ya baraza vile alivyokisimamisha, kimejaa maji ya mvua, na alikipita kila siku bila kukigusa. Njia ile ya juu ya kijito waliichonga yeye na Clem kwa mapanga na majembe, na ndipo mahali pekee ambapo alikuwa bado anajua anaitwa nani. Wakimnyima hiyo, hakuona atashika nini.

Veitch ndiye mkuu wa makadeti sasa. Ni kijana kutoka Hobart, mwenye moyo mzuri na mdomo usiofunga, anayevaa sare iliyopigwa pasi hadi msituni. Siku ya kwenda alibeba shanta lake na nusu ya la Glenys bila kuulizwa, na njia nzima alikuwa anazungumza.

"Mama, mimi mwenyewe sikutaka hii kazi ya kukuchunga. Nilimwambia mzee Pellow, huyu mama alikuwa anapita hapa mimi nikiwa bado nanyonya."

"Na sasa hunyonyi?"

Veitch akacheka sana, kuliko ilivyostahili, kwa furaha kwamba amesikia mzaha. Glenys hakucheka. Maneno yalikuwa yametoka yenyewe, kwa mazoea.

Watoto waligawanywa kwenye visiki vyao. Kisiki cha Briony ni cha kona, baada ya kinamasi. Kinamasi kina daraja la mbao la kupita kwa miguu, refu, na mbao zake zimelegea, ukipita zinagonga moja baada ya nyingine mpaka upande wa pili. Briony alichukua nafasi yake bila kumtazama mwalimu. Alisimama mkakamavu, kama siku ile ya mazishi, akasema "Ndiyo, mwalimu" mara tatu kwa mambo matatu aliyoambiwa, akapotea nyuma ya mimea.

Jioni walipopita, vikombe vyote vilikuwa vimefunikwa. Kwenye kisiki cha kona Glenys alisimama. Alikisimamisha kikombe na mkono ukabaki pale pale. Mbele yake kulikuwa na majani makubwa yaliyolowa, na nyuma ya majani hakukuwa na sauti ya chochote, wala jiko, wala kikohozi.

"Mama," akasema Veitch taratibu. "Kimefunikwa."

"Nimeona."

"Basi twende."

Hakwenda mara moja. Veitch alikohoa, akakoroga tope kwa ncha ya buti, akatoa peremende mfukoni akairudisha. Miguu ya Glenys ilikuwa imekwisha kugeuka upande wa majani. Alilazimika kuitazama na kuiamuru, mmoja, halafu wa pili, kama mtu anayemfundisha kadeti mpya kutembea. Wakapita. Hakujisikia ameshinda kitu.

Usiku theluji ikaanguka. Hapa kwetu mwezi wa kumi na moja huwezi kuuamini. Ilikuwa theluji nyepesi, ya kufunika tu, na asubuhi msitu wote ulikuwa mweupe na unadondoka maji. Hii ndiyo ilikuwa mara ya mwisho ya kupita. Baada yake watoto wangeteremka wenyewe adhuhuri.

Kwenye kisiki cha kwanza kikombe kilikuwa kimefunikwa, na juu yake, kwenye kitako, kulikuwa na theluji. Glenys aliitazama. Theluji ile ilikuwa nzima, haikuguswa, maana yake mtoto alikigeuza kabla haijaanguka, jana, baada tu ya wao kupita. Hakukuwa na nyayo. Tangu hapo usiku wote wa baridi ulikuwa umepita, na kikombe kilikuwa bado kinasema neno lile lile.

"Kimefunikwa," akasema Veitch.

"Kina theluji."

"Hata kikiwa na theluji, mama. Kimefunikwa. Utaratibu ni huo."

Alijua. Aliipangusa theluji kwa glavu, akakisimamisha kikombe, akapita. Alingoja kifua kimuume na hakikuuma, na hilo ndilo lililomwogopesha. Aliona kwamba anaweza sasa kupita mbele ya mtu yeyote, mzima au mfu, na asihisi kitu, na wataita hiyo kupona na kumwachia njia. Kwenye kisiki cha pili alisikia mtoto akipiga chafya ndani, akashukuru kwa akili tu. Cha tatu kilikuwa na theluji tena. Akapangusa, akapita.

Wakafika kwenye kinamasi. Mbao ziligonga chini ya buti zao mwendo mzima wa daraja, na Veitch akasema, "Kimebaki kimoja, mama. Umeweza." Glenys alikuwa anakitazama kisiki cha kona.

Kikombe kilikuwa wima.

Veitch alikiona sekunde moja baadaye na rangi ikamtoka usoni. "Hajageuza," akasema. Akatupa shanta chini na kuanza kuliendea lile pazia la majani, filimbi mkononi. "Briony! Bri—"

"Simama hapo," akasema Glenys.

"Mama, kiko wima! Utaratibu—"

"Utaratibu niliuandika mimi na Clem mezani kwangu. Simama. Tazama chini."

Veitch alitazama. Kwenye theluji kulikuwa na nyayo za buti ndogo, zimetoka kwenye majani mpaka kwenye kisiki, na nyingine zimerudi, zenye ncha zilizochimba ardhi, za mtu aliyekimbia. Kikombe kilikuwa kinatoa moshi. Kilikuwa kimejaa chai mpaka ukingoni, yenye rangi ya yale maziwa mazito ya sukari ya kwenye tyubu ambayo watoto hunyonya kambini wakidhani hatuwaoni.

Mtoto yule alikuwa amechemsha maji mapema na kungoja. Aliposikia mbao za kwanza zikigonga upande wa pili wa kinamasi alimimina, akakiweka, akatimua mbio. Kwa kufanya hivyo alikuwa ameweka rehani kila kitu. Kikombe wima maana yake mwalimu aingie, na mwalimu akiingia kamba hakuna, na nafasi nyingine hakuna. Alikuwa ameyajua hayo yote akiwa amechuchumaa mbele ya jiko lake.

Glenys alivua glavu ya mkono wa kulia kwa meno, halafu ya kushoto. Akakizungushia kikombe mikono yote miwili. Mwanzoni hakusikia kitu, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Halafu joto likaingia, na likaja na maumivu, yale ya vidole vya baridi vinavyorudi, mpaka akakunja uso. Hakukiachia.

"Mama?" akasema Veitch. "Tuingie au tusiingie?"

"Yupo," akasema Glenys.

Akanywa. Ilikuwa tamu kupita kiasi, chai ya mtoto, na aliusikia utamu wake, wote, mpaka kwenye koo. Hii ilikuwa chai ya kwanza tangu mwezi wa tano ambayo alijua ni chai.

"Nilikuwa nimevaa glavu," akamwambia Veitch.

"Lini?"

"Siku ya Clem. Nilikishika kikombe chake na glavu. Sijui kama kilikuwa cha moto. Nilikisimamisha nikaenda kunywa supu, naye alikuwa pale bandani, na mimi sijui kama alikuwa bado hai nilipokuwa ninakunywa ile supu. Sitajua kamwe."

Ndipo akalia. Alilia amesimama, kikombe kifuani, bila kuficha uso, kamasi zikimshuka mpaka mdomoni na hakuzifuta. Alimlilia Clem Haddrill kwa sauti, msituni, mahali ambapo watu wanatakiwa wanyamaze. Veitch alivua kofia. Baadaye akapata akili ya kusogea, akasimama karibu naye, bega kwa bega, na sisi watu wa huku hatufanyi hivyo.

Nyuma ya majani hakuna kilichotikisika. Mtoto wa Scarff alikuwa huko, hatua chache tu, anasikia kila kitu, na hakutoka.

Glenys alipomaliza alikunywa chai iliyobaki mpaka tone la mwisho. Alikisuuza kikombe kwa theluji. Akakiweka juu ya kisiki, wima, katikati kabisa, kama alivyokuwa akikiweka miaka yote: nimeona. Glavu alizitia mfukoni.

Veitch alijitwika shanta lake. Alikitazama kikombe, akayatazama majani, akajikuna shingo.

"Sasa nimwambie nini mzee Pellow? Maana kilikuwa wima na hatukuingia."

"Mwambie kilikuwa na chai, na mtoto anastahili kamba yake."

"Na wewe je? Ataniuliza ulifanya nini."

Glenys alikuwa amekwisha kuanza kuteremka, mikono mitupu imening'inia kwenye baridi, myekundu, inamuuma.

"Mwambie nilipita," akasema.